Lugha Iliyoitwa Sufuria

Kuna watu ambao ukiwapa maji ya kunywa huyanusa kwanza. Huyu wetu aliyanusa, akakutazama usoni wewe uliyempa, kisha akauliza, "Kwani leo kuna nini?" Ndiyo maana tangu shuleni walimwita Kwani, na jina likamganda mpaka akafika miaka hamsini na ushei. Ukimwambia ameanza kuzeeka, atakuuliza kwani umetumwa na nani.

Muuza mboga akimwongezea fungu la bure, Kwani alifika nyumbani akalichambua jani kwa jani akitafuta lililooza. Daktari akimwambia ni mzima, alimtafuta daktari wa pili amweleze yule wa kwanza alikuwa anaficha nini. Mumewe, mwalimu wa hesabu asiyependa maneno mengi, alikwisha zoea. "Nilipomposa aliomba muda wa kunichunguza," aliwaambia wageni. "Mpaka leo sijaletewa majibu."

Lakini tusimcheke sana, maana dhana hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Kwani alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, na katika kazi ile anayeamini watu haraka hafiki mbali. Ukimwambia mtu aandike tarehe, ukadhani kweli ataandika tarehe, umekwisha; ataandika jina la mama yake, kisha atalalamika kwamba kompyuta ni mbovu. Kwani hakuwahi kudhani hivyo. Aliandika programu zake huku akimwona kila mtumiaji kama mwizi anayejaribu mlango, na kwa sababu hiyo hazikuvunjika ovyo.

Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vioo. Chini wakikata kioo, juu watu waliuma meno. Chumba cha kwanza kilikuwa na meza tatu na kompyuta ya dirishani, iliyofunikwa taulo kila jioni kwa sababu ya vumbi. Hiyo ndiyo iliyotunza nakala halisi ya kazi yao, na hakuna kilichobadilishwa mahali pengine popote kikahesabiwa kuwa kimebadilika. Chumba cha pili kilikuwa na mashine za kudarizi, zile kubwa zenye sindano nyingi, na vidonge vya uzi wa kila rangi vimepangwa ukutani.

Ofisi hiyo waliianzisha watu watatu: Kwani, dada yake mkubwa, na mume wa dada yake. Huyo mume ni fundi wa mashine, mrefu, mpole, anayeongea kama mtu anayelipia kila neno. Kwani alimwita shemeji, naye alimwita Kwani shemeji, na hapo hakuna ajabu. Dada mtu alikuwa fundi wa kushona, naye jina lake la utani lilikuwa Chiriku, kama yule ndege asiyenyamaza. Chiriku akienda sokoni, masimulizi ya safari yalichukua muda mrefu kuliko safari. Alizungumza na abiria, na mafundi, na cherehani. Mumewe alimsikiliza miaka yote hiyo akitabasamu chini chini, kama mtu aliyekaa kwenye jua la asubuhi.

Na lugha yenyewe ilitoka mdomoni mwa huyo Chiriku. Mashine za kudarizi zilikuja na maagizo yao, tarakimu na alama tupu, ambazo fundi wa kawaida akizitazama huona kizunguzungu. Siku moja Chiriku alizikasirikia. "Mimi nikimfundisha fundi mgeni simwambii sifuri moja sifuri," alisema. "Namwambia haya, anza hapa. Geuka kulia, taratibu. Rudia mara nne. Basi, kata uzi. Kwani hii mashine ni nani mpaka isemeshwe vingine?" Waliokuwepo walicheka. Kwani hakucheka. Alirudi mezani kwake akaanza kuandika, na huo ukawa mwanzo wa lugha ya kompyuta ambayo fundi angeweza kuiandika kama anavyosema.

Kwani aliunda matumbo ya lugha hiyo. Shemeji aliifunga kwenye mashine. Chiriku alileta maneno, na kwa maneno hakukubali kupunguziwa. Kila kazi katika lugha ile ilianza kwa neno "haya" na kuishia kwa neno "basi". Kwani aliyapinga. "Mashine haihitaji haya," alisema. "Fundi analihitaji," alijibu dada yake. Walibishana mpaka wauza vioo wakapanda kuuliza kama kuna usalama. Mwishowe mkubwa alishinda, kama wakubwa wanavyoshinda.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana ndiyo iliyoleta balaa. Ofisi ile haikukipa kitu jina kabla hakijatoka mlangoni. Kazi ikiwa bado jikoni, iliitwa kwa jina la chombo cha jikoni. Ilikuwapo programu iliyoitwa Mwiko, ya kuhesabu uzi, ikafa. Ikafuata Chujio, nayo ikavuja ikatupwa. Utaratibu huo ulikuwa wa Chiriku pia. "Ukikipa kitu jina zuri mapema, kikiharibika utashindwa kukitupa," alisema. Jina la kweli lingetolewa siku ya kutoka, na lazima wote watatu wakubali. Kwa hiyo ile lugha iliitwa Sufuria.

Kabla Sufuria haijaiva, Chiriku akaugua koo. Ugonjwa ulianza kwa kumchukulia sauti. Yule ambaye hakuna aliyewahi kumnyamazisha akawa analala akitazama dari, na mumewe, mtu ambaye hakuwahi kusimulia kitu maishani mwake, akakaa kando ya kitanda akimsimulia: nani kapita barabarani, mashine ipi imekwama, wauza vioo wamevunja nini leo. Kisha Chiriku akafa. Kwani alilia mpaka akavimba macho, na hata katika kulia kule aliwatazama waombolezaji mmoja mmoja, akipima nani analia kweli.

Kazi ilisimama, halafu ikaendelea, kwa sababu hakuna kingine cha kufanya na kazi. Na mwaka huu akatokea mama mmoja muuza mashine za kudarizi, mwenye kicheko kikubwa na mkoba mkubwa zaidi, akaipenda lugha ile, akataka kuiweka ndani ya kila mashine atakayouza. "Lakini siwezi kumwambia mteja anunue mashine yenye sufuria ndani," alisema. "Nitakuja na mafundi wangu waijaribu. Nipeni jina mapema."

Kwani hakuhitaji kufikiri. Hata hivyo, kwa kuwa hakuamini hata mawazo yake mwenyewe bila ushahidi, alichunguza kwanza lugha nyingine za kompyuta zilipataje majina. Alitegemea kukuta vikao vya wasomi. Akakuta mambo ya kuchekesha. Moja inaitwa C, herufi moja tu, kwa sababu iliyoitangulia iliitwa B. Java ina jina la kahawa. Nyingine ina jina la kito chekundu, kwa sababu kulikuwa na ya zamani ambayo jina lake linasikika kama lulu kwa Kiingereza, na aliyeitengeneza alitaka naye awe na kito chake. Iko yenye jina la mtaalamu wa hesabu aliyefariki kabla ya dunia kujua taa ya umeme. Na iko moja, Ada, yenye jina la mwanamke wa zamani aliyeandika maagizo ya mashine ambayo haikuwahi hata kumalizika kuundwa.

Hapo kwa Ada alisoma mara mbili. Kama yule alipewa, kwani dada yangu ana kasoro gani? Alijua anachokitaka. Alitaka fundi yeyote, mahali popote, awashe mashine aone jina la Chiriku limemtangulia. Dada yake hakuacha mtoto, hakuacha nyumba. Jina lisipokaa hapo, halina pa kukaa.

Asubuhi yake alimkuta Shemeji akitia mafuta kwenye mashine.

"Shemeji, jina nimelipata."

"Lipi?"

"Chiriku."

Shemeji hakuinua kichwa. Kitambaa cha mafuta kilisimama kidogo, kikaendelea. "Tutaona, shemeji," alisema.

Tutaona! Neno hilo watu wazima huwapa watoto wanaolilia baiskeli. Kwani alisubiri siku kadhaa, akauliza tena. Safari hii Shemeji alijibu upesi mno.

"Hilo hapana."

"Kwani kwa nini?"

"Hapana tu, shemeji. Twende na Sindano. Au Uzi. Uzi ni jina zuri."

"Uzi!" alisema Kwani. "Mke wako ndiye aliyeleta kila neno lililomo humo, na wewe unaniambia Uzi?"

Shemeji alishika bisibisi yake akaingia chumba cha pili, na mlango ukafungwa taratibu.

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wamesema wahenga, na Kwani akaanza kuusikiliza huo mshindo. Alikuwa na mambo mapya ya kuchunguza. Kwanza, tangu ile tutaona Shemeji alikuwa akifika ofisini mapema kuliko wote, na mara mbili Kwani alimkuta kwenye kompyuta ya dirishani, ambayo si meza yake; alipomwona aliinuka haraka na kuanza kutazama nje, kana kwamba paa la jirani limeota maua. Pili, simu. Alikuwa akizungumza na yule muuza mashine ngazini, na kicheko cha yule mama kilisikika mpaka mezani. Watu wanacheka nini kuhusu mashine? Tatu, na hili ndilo lililomkata maini, mashati. Tangu Chiriku afe Shemeji alivaa mashati yaliyokunjamana. Sasa yalikuwa yamenyooshwa mpaka kwenye kola. Kwani aliitazama ile kola akajiuliza mkono wa nani unashika pasi.

Akajumlisha. Mtu anayepigiwa pasi na mwanamke mwingine hataki jina la mke wa kwanza liandikwe kwenye kila mashine atakayoigusa huyo mwanamke. Hesabu ikatoka sawasawa. Aliipeleka nyumbani, akamwekea mumewe mezani pamoja na chakula.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Mwenyewe nilimwamini."

"Wewe?" alisema mumewe. "Lini?"

"Usinitanie. Anataka kumfuta dada yangu."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Kasema hapana tu."

"Muulize tena, halafu unyamaze usikie jibu. Wewe mama watoto ukiuliza unajijibu mwenyewe, mtu anakosa pa kuingilia."

Ikamjia Kwani kwamba huenda na mumewe amezungumza na Shemeji. Wanaume hawa. Akaondoa sahani kabla mumewe hajaimaliza.

Siku moja kabla ya majaribio, mchana, Shemeji alitoka kwenda kununua uzi mwekundu uliokuwa umewaishia. Kwani alisikiliza viatu vyake vikishuka ngazi mpaka vikapotea katika kelele za kukata vioo. Akakaa kwenye kompyuta ya dirishani. Alitaka kufanya jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya katika ofisi ile bila wenzake: kubadilisha jina. Alifungua kidirisha cha kutafutia maneno, kile ambacho hukumbuka neno la mwisho lililotafutwa humo. Akitaka kuandika Sufuria, akakuta tayari kuna neno limemsubiri.

Chiriku.

Nani mwingine angekuwa ameketi hapa kumtafuta Chiriku? Kumbe ndiyo kazi ya asubuhi zile! Alikuwa anapita kwenye lugha nzima, mstari kwa mstari, akimsaka dada yake kila alipotajwa, amng'oe. Kwani aliona giza kwa hasira. Wasiwasi wake ulikuwa umepata ushahidi, na mtu wa wasiwasi akipata ushahidi hana tena simile.

Akaandika: Sufuria. Badala yake: Chiriku. Kila mahali? Kila mahali. Akabonyeza.

Hakuishia hapo. Lugha ile ilikuwa na majibu yake mengi, yale ambayo mashine humwandikia fundi kwenye kioo: iko tayari, imeshindwa, haikuelewa, haijibu. Kwani akayapitia yote, sikio moja likiwa ngazini. Dada yake si chombo cha jikoni, hawezi kusemwa imeshindwa. Akaweka ameshindwa. Akaweka hakuelewa, hajibu, yuko tayari. Alifanya kwa haraka na kwa mapenzi. Macho ya mtu aliye kazini huona herufi, hayasikii, na yeye hakusikia alichokuwa anaandika. Viatu viliporudi ngazini alikuwa mezani kwake akinywa chai iliyokwisha poa.

Kesho yake akaja muuza mashine na mafundi wake sita, chumba cha pili kikajaa. Mmoja wao alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, naye ndiye aliyepewa mashine ya mbele. Shemeji, shati limenyooka, alibonyeza swichi. Kioo kikawaka. Kikaandika: Chiriku yuko tayari.

Kwani hakutazama kioo. Alimtazama Shemeji. Aliona uso ukimpauka, na moyoni mwake akasema: umenaswa. Shemeji alisogea mpaka ukutani, akasimama kando ya vidonge vya uzi.

"Chiriku!" alisema muuza mashine, akapiga makofi. "Hilo sasa ni jina. Mbona mlinisumbua muda wote huo?"

Mafundi wakaanza. Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Waliandika haya, wakaandika geuka kulia, taratibu, na sindano zikageuka kulia taratibu, wakashangilia. Kisha wakaanza kukosea, kama ilivyo haki ya kila anayejifunza, na kila mmoja akaanza kumsema yule aliyeandikwa kwenye kioo.

"Chiriku hakuelewa, inasema. Haelewi nini sasa?"

"Huyu Chiriku mbishi jamani!"

"Wa kwangu kakata uzi bila kuambiwa. Chiriku mjinga huyu."

"Mfute, anza upya."

"Nimeshamfuta mara mbili!"

Hawakuwa na ubaya. Ndivyo watu wanavyoongea na vyombo vya kazi. Hata mimi nikikwama na kifuniko cha chupa hukisema. Lakini Kwani alihisi kila sentensi ikimpita mwilini. Kila walipocheka alijibana kwenye kiti. Alijiambia ni siku ya kwanza tu, watazoea. Halafu mashine ya mbele ikakwama, sindano zimesimama hewani, kioo hakijibu lolote, na yule mama mnene akageuka akapaza sauti yake kubwa:

"Jamani, Chiriku kanyamaza! Njooni mumwone. Kanyamaza kabisa!"

Chumba kizima kilisogea kutazama. Shemeji peke yake alielekea mlangoni, bila haraka, kidonge cha uzi mwekundu mkononi, akatoka.

Kwani akainuka. Na hata wakati ule, msinishangae, akili yake ya kwanza ilikuwa ileile: anakwenda kupiga simu, anakwenda kunishtaki kwa kubadilisha jina. Akamfuata ili amfumanie.

Alimkuta amekaa ngazini, paji la uso limegusa ukuta. Uzi mwekundu ulikuwa umeteremka ngazi tatu chini bila yeye kujua.

"Shemeji," alisema Kwani. Akataka kuongeza neno. Akamkumbuka mumewe na sahani yake, akafunga mdomo. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyofanya wiki ile. Chini walikata kioo kimoja, wakakata cha pili.

"Nilitaka usisikie," alisema Shemeji mwishowe.

Kwani akaendelea kunyamaza.

"Uliposema jina, nilikuwa nalo tayari. Nani mwingine ningempa? Nikaja asubuhi nikaliweka. Kila mahali. Nikaiwasha mashine peke yangu, nikaijaribu." Alijifuta uso kwa kile kidonge cha uzi, hakujua ameshika nini. "Ikakwama. Ikaniandikia Chiriku haijibu. Nimekaa pale, shemeji, naisoma. Miezi ile yote niliyomkalia kitandani, nazungumza, hajibu. Na kila fundi atakayekwama, kila siku, mahali popote, ataandikiwa hivyo. Atamsema. Nikamtoa."

"Ndiyo maana lile neno lilikuwa kwenye kidirisha."

"Lipi?"

"Basi tu," alisema Kwani.

"Ningekwambia ungeniuliza kwani, na ningelazimika kukusomea. Sikutaka uwe nayo kichwani. Yule muuza mashine nilikuwa namwomba atuongeze siku, anacheka kwamba watu wazima wawili tumeshindwa na jina."

Kwani alikaa ngazi moja juu yake. Alikuwa na swali moja limebaki, la aibu, na asingelala bila kuliuliza.

"Na mashati?"

Shemeji akajitazama kifuani, hakuelewa. "Mashati gani?"

"Nani anakupigia pasi?"

"Mimi," alisema. "Nimejifunza. Ningefanyaje, shemeji? Yeye ndiye alikuwa anapiga."

Kwani alilia hapo ngazini, na safari hii hakumtazama mtu yeyote. Alilia kwa ajili ya dada yake, na kwa sababu ya aibu, maana alikuwa amemchunguza mtu huyu kutoka kichwani hadi miguuni kama mpelelezi wakati mtu mwenyewe anajifunza kunyoosha kola. Shemeji akaanza kukusanya uzi wake ngazi kwa ngazi.

Mafundi walipokwenda kula, wawili hao walisimama mbele ya kompyuta ya dirishani. Kwani akaandika: Chiriku. Badala yake: Sufuria. Kidirisha kikauliza kama kila mahali. Kidole chake kikafika kwenye kitufe, kikakataa.

"Bonyeza wewe, shemeji," alisema.

Shemeji akatikisa kichwa. "Mimi nimeshamfuta mara moja," alisema. "Ya pili siwezi."

Kwani akabonyeza. Ilichukua muda mfupi kuliko kufumba macho. Zile "ameshindwa" na "hajibu" alizirudisha baadaye, moja moja, na safari hii alikuwa anazisikia.

Muuza mashine alirudi, akatazama kioo, akashika kiuno. "Sufuria? Si tulikuwa na jina zuri hapa asubuhi?"

"Kwani kahawa ni jina zuri?" alisema Kwani. "Kwani herufi moja ni jina? Sufuria watu wanaisema jikoni tangu zamani, inaungua, inapigwa, inasuguliwa kwa mchanga, na haijawahi kununa. Tumekubaliana wote."

"Wote wangapi? Nawaona wawili."

"Wote," alisema Shemeji, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema, yule mama hakubisha tena.

Kazi ikaendelea. Sufuria ilitukanwa mchana kutwa. Ilikwama, ikanyamaza, ikapigwa kofi ubavuni na yule mama mnene, na Kwani akamwelekeza apige kidogo zaidi upande wa kushoto. Jioni, mafundi wakifunga mizigo yao, yule mama alikuwa bado amekaa, akiandika ua la mwisho polepole kwa kidole kimoja, akisoma kwa sauti kila neno alilobonyeza.

"Haya. Anza hapa. Geuka kulia, taratibu. Rudia mara nne. Basi, kata uzi." Akacheka peke yake. "Huyu aliyetunga hii lugha alikuwa na maneno! Mashine unaiambia haya? Unaiambia taratibu? Utafikiri yuko hapa anakufundisha. Alikuwa nani?"

Kwani na Shemeji walitazamana. Kwani alisubiri, amwachie yeye aseme kama anataka.

"Mke wangu," alisema Shemeji. "Tulikuwa tunamwita Chiriku."

"Ndiyo maana," alisema yule mama, akarudi kwenye kioo chake, akaandika haya.